Siku Moja Inatosha

Jumatatu, 9 Juni 2025

Matete yameshika! Miche mia sita na arobaini, nimeihesabu mwenyewe suruali imekunjwa hadi magotini, na iliyokufa haifiki thelathini. Pasikali, mlinzi wetu wa saiti, alisema jua la kiangazi litaiunguza yote. Haikuungua. Nimemtania mpaka akajifanya ana kazi upande wa pili wa bonde.

Leo ndipo tumefungulia maji machafu ya kituo cha afya na ya bweni la wasichana. Yanatulia kwanza kwenye tangi, kisha yanapita chini ya kokoto katikati ya mizizi — kitalu cha kwanza, cha pili, bwawa dogo la mwisho, halafu mtoni. Safari ya siku tano hivi. Hakuna mashine, hakuna dawa. Mwaka mzima watu wa huku Busunzu wamenisikia nikisema mizizi na vijidudu vyake ndivyo vinavyosafisha, wakanitazama kama mganga asiye na tunguri. Watakuja kuona.

Wananiita Injinia. Mimi ni fundi sanifu. Sijawahi kumsahihisha mtu. Mama naye, dukani kwake Kasulu, anawaambia wateja kwamba binti yake Mwatumu ni injinia wa maji Kibondo. Acha tu.

Uzio nao tayari. Waya pande zote, geti moja, ufunguo kwa Pasikali.

Jumatano, 18 Juni 2025

Asubuhi nimekuta wanawake kama ishirini getini, mabeseni kichwani. Nilifurahi, nikadhani wamekuja kuona matete. Mabeseni yalikuwa na mihogo. Walikuja kuloweka.

Pale penye kitalu cha pili palikuwa na mashimo yao. Kumi na manne, kila ukoo na lake. Mihogo yao ni michungu — ndiyo wanayoipenda, nguruwe pori haigusi na mwizi haitaki — na hukaa kwenye maji siku nne, tano, mpaka ilainike. Ndipo inamenywa, inaanikwa, inatwangwa. Bibi zao waliloweka palepale.

Mashimo hayo nayajua! Niliyaona mwaka jana mwezi wa pili, nilipokuja kupima. Ilikuwa mvua, hakuna anayeanika wakati wa mvua, kwa hiyo hapakuwa na kitu ila maji meusi. Kwenye ramani niliandika "madimbwi, hayatumiki." Na kwenye andiko la mradi niliandika kwamba bonde zima linanuka maji taka. Kumbe nusu ya harufu ile ilikuwa mihogo. Nimecheka peke yangu, kisha kicheko kikaisha.

Mkutano wa kijiji walikuja wanaume. Wakapiga makofi, wakatia saini. Mashimo ni ya wanawake, nani angeyataja? Na mimi niliyekulia nyuma ya mifuko ya unga wa muhogo, niliyeupima kwa kilo tangu nina miaka tisa — sikuwahi kuuliza ulifikaje kuwa mweupe vile. Kuuliza si ujinga. Kutouliza ndiko kuna shida.

Aliyesema kwa niaba ya wenzake ni mama mmoja anaitwa Winifrida, sauti ya chini, macho hayakwepi. Akauliza sasa mihogo wataloweka wapi. Nurudini alikuwa ananingoja garini, injini inaunguruma. Nurudini ndiye bosi wangu, msimamizi wa mradi, ofisi yake Kibondo mjini, na kikao kilikuwa saa nne.

Nikamwambia: "Lowekeni nyumbani, mama, kwenye ndoo. Siku moja inatosha."

Akauliza kama nina hakika, siku moja. Nikasema ndiyo, mkikata vipande vidogo. Nimelitoa wapi hilo? Sikulitoa popote. Nilitaka kuingia kwenye gari. Wakajitwika mabeseni wakapanda kilima, bila ugomvi, mmoja nyuma ya mwingine. Ningependa wangegombana kidogo.

Ijumaa, 4 Julai 2025

Baridi ya asubuhi kali. Vumbi jekundu mpaka kwenye chai.

Nimekutana na Winifrida njiani, akanishukuru. Kweli! Anasema kazi imepungua, unga unapatikana upesi, wala hakuna tena kushuka bondeni na kulinda mihogo isiibwe. Amewaeleza jumuiya yake yote kanisani, na jumuiya nyingine wamechukua. Bomba liko mbali, kwa hiyo ndoo moja wanaitumia nyumba mbili, maji yaleyale. Wanaamka, wanaitoa, wanaanika.

Nilijisikia vizuri. Naandika ukweli: nilijisikia vizuri sana. Jambo nililolisema mguu mmoja garini limegeuka kuwa maendeleo.

Jumamosi, 19 Julai 2025

Nimekula kwa Winifrida. Alining'ang'aniza. Ugali wa muhogo na kisamvu, basi — maharage mwaka huu yameungua na jua, dagaa ni mara mojamoja. Ugali ulikuwa na uchungu kwa mbali. Nikadhani ndivyo unavyoliwa huku, nikasifu.

Ana binti, Loyce, miaka kumi na mmoja. Mtoto anauliza huyo! Mizizi inajuaje uchafu ni upi? Matete yakishiba uchafu yanafanyaje? Nilimjibu mpaka nikaishiwa. Halafu akaenda kuruka kamba na wenzake uani, na nikahesabu bila kutaka: mia moja na kumi na mbili hajakosea. Wengine wakachoka kumsubiri.

Kichwa kimeniuma hadi jioni, na kizunguzungu. Jua la njiani.

Alhamisi, 14 Agosti 2025

Majibu ya maabara! Maji yanayotoka bwawa la mwisho ni safi kuliko nilivyoahidi. Nimesoma karatasi mara tatu nikiwa nimesimama.

Na si karatasi tu. Nickson, tabibu wa kituo — kijana wa Mbeya, mwaka wake wa pili hapa, anakunywa chai bila sukari na anatuona sote wazembe — amenionyesha daftari la wagonjwa. Watoto wa kitongoji cha chini, wanaochota mtoni: mwaka jana mwezi Julai waliohara ni thelathini na wanne. Mwaka huu tisa. Akasema kwa shingo upande kwamba magugu yangu yanafanya kazi. Kutoka kwake hiyo ni sherehe.

Nurudini amepiga. Wafadhili watakuja makabidhiano tarehe 25 Septemba, na wilaya, na watu wa redio. Anataka vijiji vingine viwili vianze mwakani, kimoja Kumsenga. Jina langu ndilo litakuwa kwenye ripoti.

Nimempigia Mama. Amelia kidogo.

Jumanne, 2 Septemba 2025

Loyce hatembei.

Jana alienda shule na kurudi. Leo alfajiri ameinuka kitandani akaanguka. Winifrida alidhani ni ganzi. Akamsugua miguu kwa maji ya moto. Akamsimamisha, akaanguka tena. Wamembeba mgongoni hadi kituoni, kilomita tatu.

Nilikuwa napima maji nilipowaona wanapita. Nikawapungia mkono.

Jumatano, 3 Septemba 2025

Nickson ameniita ofisini kwake akafunga mlango. Mtoto hana homa. Mgongo mzima. Akili nzima — anauliza lini atarudi shule. Ila miguu yote miwili imekakamaa, kwa pamoja, asubuhi moja. Akisimamishwa anasimama kwa vidole na magoti yanakutana.

Nickson hakuwahi kuona kitu kama hicho, akampigia mwalimu wake wa chuo. Mwalimu aliuliza maswali mawili tu: wanakula mihogo gani, na wanailoweka siku ngapi. Ugonjwa una jina, konzo. Mihogo michungu ina sumu, na kuloweka ndiko kunakoitoa. Ukila iliyolowekwa kidogo mara moja, kichwa kitakuuma, kizunguzungu, basi. Ukiila wiki baada ya wiki, huna maharage wala samaki wa kuusaidia mwili, siku moja miguu inakakamaa ukiwa usingizini.

Nikauliza dawa. Akasema hakuna. Hauui, ila miguu hairudi. Atatembea kwa fimbo, kwa ncha za vidole, maisha yake yote. Na akiendelea kula unga uleule itakuwa mbaya zaidi.

Halafu akanitazama. "Kila mama ninayemuuliza anasema wewe ndiye uliyewaambia siku moja."

Nikasema mimi nilikuwa naongea habari ya maji taka. Mihogo inanihusu nini?

Ndivyo nilivyosema. Na sauti ilikuwa ya kawaida kabisa, ya mtu anayesema kweli. Nickson aliandika kitu. Sijui kama aliniamini. Nimerudi nyumbani nimekaa na viatu miguuni hadi sasa.

Jumapili, 7 Septemba 2025

Wawili zaidi. Mama mwenye kunyonyesha wa kitongoji cha chini. Mtoto wa miaka sita wa jirani yake Winifrida.

Kitongoji cha chini. Walewale ambao watoto wao hawahari tena.

Nickson amewaambia wanawake wote wa kliniki waloweke siku nne, wabadilishe maji. Wamemsikiliza kwa heshima. Kisha bibi mmoja akamwambia: "Mwanangu, wewe umesomea sindano. Injinia ndiye amesomea maji." Wengine wakaitikia ego, ego, ndivyo. Amenisimulia akicheka kicheko cha mtu aliyechoka, kisha akaacha. Akasema mimi nikisimama mbele yao nikasema nilikosea, itaisha siku hiyohiyo. Kumbe anajua. Alijua tangu Jumatano.

Nikasema nitampigia Nurudini kwanza.

Nurudini hakupandisha sauti, hapandishi kamwe. Anasikitika sana kwa hao watoto. Lakini makabidhiano ni baada ya siku kumi na nane. "Mwatumu, ukisema umekosea kwenye mihogo, watasema umekosea na kwenye maji." Tusubiri, baada ya wageni tutatafuta njia nzuri. Niliweke kwenye mapendekezo, ukurasa wa mwisho.

Nilimkasirikia. Nikaweka simu mezani kwa kishindo. Halafu nikagundua kitu kibaya kuliko yote niliyoandika humu: nilifurahi kukatazwa.

Jumatatu, 15 Septemba 2025

Nimekwenda kwa Winifrida na kilo tano za maharage na dagaa. Nilijipanga njia nzima. Sentensi tatu tu: nilikosea, si siku moja, ni nne. Mtoto wa darasa la kwanza angeziweza.

Loyce alikuwa kwenye mkeka anachambua mboga. Pasikali amemchongea fimbo mbili za mti mwepesi, kazi nzuri, ncha amezifunga mpira wa tairi. Akasimama kunionyesha jinsi anavyotembea. Hatua sita hadi mlangoni. Nyayo hazigusi chini, magoti yanasuguana, jasho likamtoka puani. Akasema Nickson kamwambia akizoea ataweza kwenda hadi shule. Akaniuliza matete yamefika kimo gani.

Nikasema yamenipita kichwa.

Nikaongea habari ya maharage. Nikaongea habari ya mvua, kama itawahi. Nikamwambia Winifrida apike maharage kila siku, nitaleta mengine. Akanishika mkono kwa mikono yake miwili, akaniambia Mungu ameniona. Nikaondoka. Sentensi tatu!

Kutoka hapo nimekwenda moja kwa moja bondeni, juu ya vitalu, penye chemchemi ambayo maji yake hayakutani na yetu. Pako vizuri. Pangetosha mashimo yote. Kama ningepaona mwaka jana, au kama ningemuuliza mwanamke mmoja tu, vitalu vingekaa chini na mashimo juu, na leo Loyce angeruka kamba. Lilikuwa suala la mita sitini.

Nimechukua jembe la Pasikali nikachimba. Moja leo. Mikono imechubuka.

Ijumaa, 19 Septemba 2025

Mashimo matatu. Pasikali ananisaidia, haulizi. Wanawake wawili waliopita wameuliza ni ya nini. Nikasema ya majaribio.

Ya majaribio! Hata jembe nimelifundisha kusema uongo. Maji safi yanajaa humo, hakuna muhogo hata mmoja, kwa sababu hakuna aliyeambiwa. Na wao nyumbani wanaendelea — ndoo, usiku mmoja, jua, kinu. Kila ninaposikia kutwanga asubuhi nafunga dirisha.

Nickson haongei nami tena. Anazunguka nyumba kwa nyumba na baiskeli yake, jioni baada ya kazi. Nyumba nne kwa siku. Vitongoji ni sita.

Jumatano, 24 Septemba 2025

Saa kumi alasiri. Naandika haraka.

Kesho wageni. Turubai limefungwa karibu na vitalu, viti vimetoka kanisani, matete yamepunguziwa kingo yapendeze kwenye picha. Nurudini ameleta ratiba. Mimi dakika kumi, maelezo ya kitaalamu. Baada yangu, "neno la shukrani kutoka kwa akina mama." Atakayelisema ni Winifrida. Wamemchagua wenyewe.

Nusu saa iliyopita amebisha hodi. Yeye na Loyce. Mtoto ametembea mwenyewe kutoka barabarani, ameketi barazani anahema. Winifrida amenipa mfuko wa unga, mweupe pee, umefungwa kwa kamba ya mgomba. Akasema ana jambo na hawezi kusimama mbele ya wageni kesho kabla hajalitoa.

Nilidhani amejua. Wallahi nilidhani amejua, na moyo ukawa mwepesi, mwepesi kabisa, nikasema afadhali, limekwisha, atanitukana hapahapa na mimi nitakubali.

Akapiga magoti. Nikamvuta ainuke, akakataa. Alisema kwa sauti ileile ya chini:

"Injinia, unisamehe. Sikufuata ulivyotuelekeza. Mara mbili nilisafiri kwenda kwenye msiba Makere, mihogo ikakaa kwenye ndoo siku tatu. Tukaila hivyohivyo. Ndipo mwana wanje, huyu Loyce wangu, akapata hii miguu. Na huyu daktari anatwambia tuloweke siku nne, nikaona anataka kutumalizia watoto."

Akasema wenzake wote amewaonya. Alikwenda kila jumuiya, kwa miguu, kuwaambia wasimsikilize Nickson. Wasizidishe siku moja hata kwa saa. Wengine sasa wanatoa mihogo kabla hakujapambazuka, kwa woga. Unga huu niliopewa ni wa jana usiku, kaufanya hasa kama nilivyosema, nipeleke kwa Mama Kasulu. Na kesho, mbele ya wageni na redio, atasimama akiri kosa lake, ili kina mama wa Kumsenga wasije wakalirudia.

Nikafungua mdomo. Nikasema, "Ngoja kidogo, mama, nakuja." Nikaingia ndani, nikafunga mlango, nikachukua daftari hili.

Nimeshaandika kurasa mbili. Kila kitu kimo humu, kwa mpangilio, na tarehe. Yeye yuko upande wa pili wa ubao huu wa mlango, hatua tatu. Nasikia Loyce anamwuliza kama niko kazini, na yeye anamjibu taratibu wasinisumbue, Injinia anaandika.

Jua linashuka. Muda huu ndio wanaweka mihogo kwenye ndoo.

Amebisha tena, kidogo tu, kwa kucha. Nimeitika, "Naam, mama." Nimeitika nikiwa nimekaa, kalamu bado mkononi.